Ulimi wa Kuonjea na Ulimi wa Kusemea

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji kinachotokana na zabibu, na yote mawili yalivuka bahari kutufikia. Mvinyo limetoka kwa Wareno, vinho. Divai kwa Wafaransa, du vin, nalo limeingia hata katika Kinyarwanda kama divayi. Jina basi tunalo. Kinachotukwamisha, hasa katika somo la tafsiri, ni maneno ya kuieleza divai yenyewe. Mwanafunzi akikutana na neno la Kifaransa sec huandika "divai kavu", na mwenzake humuuliza kitu cha majimaji kinakaukaje. Katika lugha ya waonjaji, kinyume cha ukavu ni utamu: sukari ya zabibu imegeuka karibu yote kuwa alkoholi.

Tuangalie kwanza divai yenye viputo. Katika jimbo la Champagne, huko Ufaransa, divai huchachuka mara ya pili ndani ya chupa iliyofungwa. Gesi ya kaboni inayozalishwa haina pa kutokea, na shinikizo lake hufikia takriban mara tatu ya lile la tairi la gari dogo. Kabla ya chupa kuzibwa mara ya mwisho huongezwa sukari, na katika karne ya 19 sukari hiyo haikuwa haba: shampeni iliyopelekwa Urusi iliweza kuwa na zaidi ya gramu 200 kwa lita. Waingereza walitaka isiyo tamu, na mnamo mwaka 1874 kampuni ya Pommery, iliyoongozwa na mjane Louise Pommery, ikatoa shampeni ya brut, yaani ghafi. Leo brut sharti iwe na chini ya gramu 12 za sukari kwa lita. Lakini ile iitwayo extra sec, ambayo kwa jina lake ingepaswa kuwa kavu kupindukia, ina gramu 12 hadi 17! Neno lilibaki palepale, ladha za watu zikahama. Anayetafsiri lebo hiyo neno kwa neno atampotosha msomaji bila kuikosea kamusi.

Suala la alama ni la baadaye. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, wakulima wa California walihitaji kufundishwa upya kutengeneza divai. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, Maynard Amerine na wenzake walikuja kubuni kadi ya alama 20, iliyokamilika mwaka 1959: uangavu na rangi alama 4, harufu 4, na zilizobaki ziligawanywa kati ya uchachu, utamu, ukakasi na kadhalika. Lengo lilikuwa kunasa kasoro za utengenezaji. Nani anapendezwa na nini halikuwa swali lao.

Mizani ya alama 20 ilitumika pia Paris tarehe 24 Mei 1976, siku ambayo wapenzi wa divai hawaisahau. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwaalika waonjaji mashuhuri wa Ufaransa, akawamiminia divai nyeupe kumi na nyekundu kumi, chupa zikiwa zimefichwa majina. Katika kila kundi sita zilikuwa za California na nne za Ufaransa. Mmoja wa waonjaji alionja divai nyeupe ya California, akatangaza kwa furaha kwamba sasa amerudi Ufaransa. Alama za waonjaji tisa Wafaransa zilipojumlishwa, Chateau Montelena ya 1973 ilishinda upande wa nyeupe, na Stag's Leap Wine Cellars ya 1973 upande wa nyekundu. Zote mbili ni za California. Odette Kahn, mhariri wa jarida la divai, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama, akakataliwa. Sisi tunaosahihisha insha tunajua kwa nini jina la mtahiniwa hufichwa.

Hata hivyo, alama hazielezi harufu. Mwaka 1984 Ann Noble, naye wa Davis, na wenzake walichapisha orodha ya istilahi za harufu iliyopangwa kama gurudumu: katikati neno la jumla, mfano "tunda", na ukingoni aina mahususi ya tunda. Maneno ya kusifu tu, kama vile "ya kifahari", yalitupwa nje. Kila neno lilikuwa na kielelezo: kipande cha pilipili hoho huloweshwa katika divai ya kawaida, wanafunzi wakainusa, kisha wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo "harufu ya pilipili hoho". Kwa maoni yetu hiyo ni kazi ya usanifishaji wa lugha kama nyingine yoyote.

Jaribio lililotuvutia zaidi lilitolewa mwaka 2001 katika Brain and Language, jarida la taaluma ya lugha. Morrot, Brochet na Dubourdieu waliwapa wanafunzi 54 wa Bordeaux divai nyeupe, na ileile ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza hiyo ya pili kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kuchagua msamiati kabla pua haijasema.

Kwa upande wetu hatuanzi mikono mitupu. Lile wanalolieleza wengine kwa maneno marefu, yaani kinywa kukazana kama baada ya kula ndizi mbichi, Kiswahili hukiita ukakasi, na divai nyekundu changa inao mwingi. Uchachu na uchungu tunavitenganisha vizuri. Shida ipo kwenye "tamu", ambalo kwetu ni sukari na pia ni kupendeza kinywani. Mswahili akisema "divai hii kavu ni tamu sana", amesema Kiswahili sanifu, na mwonjaji wa Paris atabaki amekodoa macho.