Bastola ya Babu: Mihuri, Kutu na Ushahidi

Katika Majengo, iwe ya Meru au ya Embu, si ajabu kusikia kwamba babu wa fulani aliacha bastola ya vita. Usiidharau hadithi hiyo, wala usiimeze nzima nzima. Uliza kwanza: bastola yenyewe ilimfikiaje babu?

Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walibeba bunduki ndefu. Bastola zilikuwa za maofisa, na maofisa wa zama hizo walikuwa Wazungu. Kwa hiyo mjukuu akisema serikali ilimpa babu bastola amalizapo utumishi, hapo pana walakini. Yaelekea zaidi kwamba ilitekwa, iliibwa au ilitengenezwa nyumbani.

Za kutekwa zina historia nzuri. Mwaka 1941 vikosi vilivyotoka Kenya viliwapiga Waitaliano, na Addis Ababa ikaanguka tarehe 6 Aprili. Ofisa wa Kiitaliano aghalabu alibeba Beretta ya mwaka 1934, bastola ndogo yenye mhuri wa mwaka mara mbili: kwa tarakimu za kawaida, kisha kwa tarakimu za Kirumi zinazohesabu miaka ya utawala wa Mussolini. Iliyoandikwa 1937 aghalabu hufuatwa na XV. Hesabu hizo zisipolingana, shaka ni haki yako.

Za Kiingereza husomwa vivyo hivyo. Webley Mark VI, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1915, ilipiga risasi nene za .455, Enfield No. 2 ya mwaka 1932 ikashuka hadi .38. Tafuta mshale mpana wa serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha, silaha hiyo iliuzwa nje ya jeshi kihalali. Linganisha nambari za fremu na za silinda. Webley nyingi zilizofika Marekani zilichongwa silinda ili zipokee risasi za .45 za huko, na thamani yake ikashuka. Kutu nayo isikutie haraka ya kusugua: anayeing'arisha bastola ya kale huifuta pamoja na mihuri yake.

Lakini silaha ninayoiona ya thamani kuliko zote hizo haina mhuri wowote. Wapiganaji wa Mau Mau, waliopigania uhuru katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, walikuwa na bunduki chache za kiwandani, basi wakaunda zao. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji, kitako ni mti uliochongwa, kifyatuzi ni komeo la mlango lililovutwa kwa mpira wa tyubu ya gurudumu. Baadhi zilipasukia mikononi mwa wenyewe. Mkusanyaji silaha wa Ulaya huenda asiitazame mara mbili. Kwetu sisi, kila alama ya tupa juu ya komeo lile ni kazi ya fundi aliyejua kwamba akikamatwa nalo atanyongwa.

Na si maneno ya kutia chumvi. Chini ya sheria za hali ya hatari za serikali ya kikoloni watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, mamia yao kwa kosa la silaha au risasi. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji hao, aliyekamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya Webley Scott ya .38 pamoja na risasi. Jaji Kenneth O'Connor alimhukumu kifo, naye akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Bastola ya aina hiyo ilitoka kiwandani kwa maelfu. Kilichoitenga ile moja ni kumbukumbu za mahakama zinazoifunga kwa jina na tarehe.

Familia nyingi hazina karatasi kama hizo, na sababu inajulikana. Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Musa Mwariama, mpiganaji wa Meru, alitoka msituni uhuru ulipopatikana. Lakini mwenzake Baimungi aliuawa mwaka 1965, chini ya serikali ya Kenya huru. Nani angeandika jina lake kwenye silaha?

Leo kuiweka silaha kama hiyo nyumbani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na huenda risasi bado imo ndani. Usiiguse, usiibebe, ita polisi waje. Kabla hawajafika, muulize mzee na uandike: ilitoka wapi, nani aliishika, mwaka gani. Novemba 2016 serikali ilichoma moto Ngong silaha 5,250 zilizokusanywa. Naomba kabla ya moto mwingine kuwashwa, polisi wawaite wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, na Makumbusho ya Meru yapewe nafasi ya kwanza kwa kila silaha ya kujiundia itakayotoka upande huu wa mlima.