Keisi ndogo za kompyuta za gemu: vipimo vya kujua kabla ya kuagiza mzigo

Keisi ni lile kasha la chuma linalobeba mazabodi, prosesa, pawa saplai na kadi ya grafiki. Mtaani wengi huliita "CPU", ingawa CPU hasa ni prosesa iliyomo ndani. Kwa wapenzi wa gemu, keisi ndogo zimekuwa bidhaa inayojitegemea: kijana anataka mashine yenye nguvu, lakini iwe ya kukaa mezani chumba kidogo au kubebwa kwenye begi la mgongoni.

Kwa mfanyabiashara bidhaa hii ina faida na ina mtego. Faida ni kwamba katoni yake inachukua nafasi ndogo kwenye kontena na kwenye ndege. Mtego ni vipimo. Keisi kubwa ina nafasi ya ziada, karibu kifaa chochote kitaingia. Keisi ndogo haina nafasi hiyo. Milimita 5 zikikosekana, kadi haiingii, mteja anarudisha, na mzigo unalala dukani. Anayeagiza kwa kuangalia bei na picha tu ndiye anayeumia.

KEISI NDOGO NI IPI?

Ukubwa wa keisi hupimwa kwa lita, yaani urefu mara upana mara kimo. Keisi ya kawaida ya mnara huwa na lita 40 hadi 50. Keisi inayohesabiwa kuwa ndogo huwa chini ya lita 20, na zilizo ndogo zaidi huwa chini ya lita 10.

Kinachoamua ukubwa kwanza ni mazabodi. Vipimo vitatu vinavyotumika zaidi ni hivi:

- ATX: milimita 305 kwa 244. Kipimo hiki kilitolewa na Intel mwaka 1995.
- Micro-ATX: hadi milimita 244 kwa 244.
- Mini-ITX: milimita 170 kwa 170. Kilitolewa na VIA ya Taiwan mwaka 2001.

Karibu keisi zote za chini ya lita 15 hupokea Mini-ITX peke yake. Mteja mwenye Micro-ATX asiuziwe keisi ya Mini-ITX kwa matumaini kwamba "itaingia tu". Haiingii.

ZILIVYOANZA

Mwaka 2001 kampuni ya Shuttle ya Taiwan ilitoa mashine ndogo yenye umbo la boksi, SV24, na soko la kompyuta ndogo likaanza kuchangamka. Kwa miaka mingi baadaye wapenzi wa gemu walilalamika kwamba keisi ndogo za madukani hazipokei kadi kubwa za grafiki. Baadhi yao wakachora za kwao. NCase M1 ya lita 12.6 ilichangiwa fedha na wanunuzi kupitia intaneti mwaka 2013. DAN A4-SFX ya Ujerumani, lita 7.2 tu, ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2016. Zote mbili zilitengenezwa na kiwanda cha Lian Li cha Taiwan. Makampuni makubwa yalipoona wanunuzi wapo, nayo yakaingia.

VIPIMO VITATU VINAVYOUZA AU KUUA MZIGO

Ukiacha mazabodi, kuna vipimo vitatu vya kuandika kwenye daftari kabla ya kulipa.

1. Kadi ya grafiki. Angalia urefu, upana na unene. Unene huhesabiwa kwa nafasi za nyuma ya keisi, na kila nafasi ni milimita 20.32. Kadi ya nafasi 2 ina unene wa karibu milimita 40, ya nafasi 3 karibu milimita 60. Urefu wa kadi nyingi kubwa unapita milimita 300. Keisi ikipokea urefu huo lakini ikawa ya nafasi 2 tu, kadi nene haitaingia.

Upana nao unasahaulika. Waya wa umeme hutokea ubavuni mwa kadi, hivyo lazima ibaki nafasi kati ya kadi na mlango wa keisi. Kwenye plagi mpya ya nyaya nyingi ndogo, iliyotumika kwenye RTX 4090 mwaka 2022, kumekuwa na matukio ya plagi kuyeyuka pale isiposukumwa hadi mwisho. Mlango wa keisi unaokandamiza waya huo ni hatari.

2. Pawa saplai. Hapa ndipo wengi wanapoangukia.

- ATX: upana milimita 150, kimo 86, urefu kuanzia 140.
- SFX: upana milimita 125, kimo 63.5, urefu 100.
- SFX-L: kama SFX, ila urefu ni milimita 130.

Keisi nyingi ndogo zinataka SFX. Pawa saplai ya ATX iliyozoeleka madukani haiingii humo. SFX inaweza kufungwa kwenye keisi ya ATX kwa kutumia bamba la kuunganishia, lakini kinyume chake hakiwezekani. Anayeagiza keisi 50 za SFX bila kuagiza pawa saplai za SFX ameagiza nusu ya bidhaa.

3. Kimo cha kipozeo cha prosesa. Keisi nyembamba huruhusu milimita 45 hadi 60 tu, wakati vipozeo vya mnara vinafika milimita 150 na zaidi.

MIFANO INAYOJULIKANA SOKONI

- Cooler Master NR200 (2020): takriban lita 18. Kadi hadi milimita 330, nafasi 3. Kipozeo hadi milimita 155. Pawa saplai SFX au SFX-L. Hii ni rahisi kuunganisha na inafaa mteja wa mara ya kwanza.
- SilverStone SG13: lita 11.5. Kadi hadi karibu milimita 270, nafasi 2. Kipozeo milimita 61. Inapokea pawa saplai ya ATX, jambo linalosaidia mahali ambapo SFX ni adimu.
- Fractal Design Node 202: lita 10.2, nyembamba, inalala kama deki ya video. Kadi hadi milimita 310, nafasi 2. Kipozeo milimita 56. Pawa saplai SFX.
- Fractal Design Terra (2023): lita 10.4. Kadi hadi milimita 322. Ukuta wa kati unasogezwa, hivyo kadi ikiwa nene kipozeo kinabanwa, na kinyume chake.

Baadhi ya keisi hizi huweka kadi mgongo kwa mgongo na mazabodi, zikiunganishwa kwa kebo ya raiza. Kebo ya kizazi cha 3 ikitumiwa na kadi ya kizazi cha 4, mashine inaweza kukwama au kutoonyesha picha mpaka kasi ishushwe kwenye mpangilio wa BIOS. Muuzaji aulize kebo ni ya kizazi gani.

KOMPYUTA ZA OFISI ZILIZOTUMIKA

Wateja wengi wa Afrika Mashariki huanzia kwenye kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, kisha huongeza kadi fupi ya grafiki inayotumia wati 75 au chini. Mteja wa aina hii anapotaka kuhamia keisi mpya aelezwe mapema: mazabodi na plagi za umeme za mashine hizo mara nyingi ni za kampuni yenyewe, hazifuati vipimo vya ATX. Kinachohamishika kwa kawaida ni prosesa, memori, diski na kadi. Mazabodi na pawa saplai atanunua upya.

NAULI: UNALIPIA HEWA

Keisi tupu ni nyepesi lakini inajaza nafasi. Kwa mzigo wa ndege, uzito wa kulipia hupatikana kwa kugawa ujazo wa katoni, kwa sentimita za ujazo, kwa 6,000. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000. Kinacholipiwa ni kile kilicho kikubwa kati ya uzito wa mizani na uzito wa ujazo. Mfano wa hesabu:

- Katoni ya keisi ya mnara, sm 55 x 30 x 55: ujazo 90,750. Kwa ndege kilo 15.1, kwa kifurushi cha haraka kilo 18.2, hata kama mizani inasoma kilo 8.
- Katoni ya keisi ndogo, sm 45 x 25 x 36: ujazo 40,500. Kwa ndege kilo 6.75, kwa kifurushi cha haraka kilo 8.1.
- Keisi inayokuja imefumuliwa, katoni sm 40 x 30 x 12: ujazo 14,400. Kwa ndege kilo 2.4. Hapa mizani ndiyo itakayoamua.

Kwa meli, CBM moja inabeba katoni 11 za mnara wa mfano huu, au katoni 24 za keisi ndogo, au katoni 69 zilizofumuliwa. Mwenye kuchanganya mzigo na wenzake kwenye kontena moja kutoka Guangzhou aombe vipimo vya katoni ya nje, si vya keisi.

BARABARANI

Keisi zenye mlango wa kioo zisafirishwe zikiwa wima, kioo kikiwa kimekingwa kwa foronya za sponji pande zote mbili. Kioo hicho huvunjika kuanzia kwenye kona. Keisi za alumini hazishiki kutu, sifa nzuri kwa mteja wa pwani, lakini hubonyea kwa urahisi. Zisiwekwe chini ya mzigo mzito.

Mashine iliyokwisha kuunganishwa ni suala jingine. Kadi kubwa za grafiki zinapita kilo 2, na kwenye barabara mbovu zinaweza kuvunja tundu la mazabodi. Njia salama ni kuchomoa kadi na kuisafirisha kwenye boksi lake.

UMEME NA PLAGI

Nchi za ukanda huu zinatumia umeme wa volti 220 hadi 240. Pawa saplai za bei nafuu zenye swichi ya 115 na 230 zikaguliwe moja moja. Ikiachwa kwenye 115, itaungua siku ya kwanza. Waya pia uendane na soko: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu za mraba; Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi pini za mviringo.

FORODHA NA MPAKA

Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta (8471) na vipuri vyake (8473.30) viko kwenye kiwango cha asilimia 0. Pawa saplai ikija peke yake inaingia kwenye 8504, hivyo iandikwe mstari wake kwenye ankara. Asilimia 0 ya ushuru haifuti VAT wala ada nyingine. Kenya na Tanzania zina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, PVoC. Wakala aulizwe kuhusu cheti kabla ya mzigo kupakiwa.

Jambo la kuzingatia kwa wanaovusha mizigo midogo: cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Keisi ya China iliyonunuliwa Nairobi na kuvushwa Namanga haihusiki.

TAHADHARI: NZXT H1

Mwezi Februari 2021 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa keisi za NZXT H1, takriban 32,000 nchini humo. Skrubu mbili zinazoshika bodi ya raiza ziliweza kusababisha shoti na moto. Wamiliki walipewa bodi mpya ya kubadilisha. Keisi zilizotumika hutembea kutoka nchi moja hadi nyingine, hivyo anayepewa H1 ya kabla ya tangazo hilo kwa bei ya chini aombe uthibitisho kwamba bodi ya raiza ilibadilishwa. Bila uthibitisho asinunue.

KABLA YA KULIPA

- Mazabodi inayopokelewa: Mini-ITX au Micro-ATX?
- Kadi: urefu, upana, na nafasi 2 au 3?
- Pawa saplai: ATX, SFX au SFX-L? Imo ndani ya katoni?
- Kipozeo: milimita ngapi?
- Kebo ya raiza: ipo? Ya kizazi gani?
- Vichujio vya vumbi: vipo, na vinatoka bila bisibisi?
- Katoni ya nje: vipimo na uzito?

Majibu haya yaandikwe na muuzaji kwenye ankara ya awali. Mzigo ukifika tofauti, maandishi hayo ndiyo yatakayompa mnunuzi haki ya kudai.