Dhihaka Mbele ya Jabari: Tarehe ya Sinema za Tashtiti juu ya Vita na Ugaidi

Madhalimu wa zama zote wamejua kwamba upanga peke yake hautoshi kutawala watu, maana upanga hukata shingo moja moja, ilhali hofu huinamisha shingo elfu kwa siku moja. Kwa sababu hiyo wamejibidiisha kujijengea haiba, kwa ngoma, kwa bendera na kwa magwaride, ili raia wawaonapo wasahau ya kuwa hao nao ni wanadamu, wenye njaa, usingizi na ajali. Karne ya ishirini iliwapa chombo kilichozidi ngoma na bendera zote, nacho ni sinema. Mwaka 1935 Leni Riefenstahl aliwaonyesha Wajerumani picha ya mkutano mkuu wa chama cha Adolf Hitler, uliofanyika Nuremberg mwaka uliotangulia, na mwanzoni mwake ndege ya kiongozi inapasua mawingu na kushuka juu ya mji, kana kwamba abiria wake si mtu wa kutembea juu ya ardhi. Tarehe ya tashtiti katika sinema za vita ni tarehe ya wasanii waliokitwaa chombo hicho hicho, wakakitumia kumrudisha jabari chini, mahali pake, miongoni mwa watu.

Kazi hiyo ilianza kabla ya Hitler kujulikana. Katika Oktoba 1918, majuma machache kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kusimama, Charlie Chaplin alitoa sinema iitwayo Shoulder Arms, na jambo hilo lilikuwa la hatari, maana mamilioni ya vijana walikuwa wamekwisha kuzikwa katika matope ya Ufaransa na Ubelgiji. Lakini Chaplin hakumcheka askari kwa kufa kwake. Alionyesha handaki lililofurika maji hata askari analala chini ya maji akivuta pumzi kwa pembe ya gramafoni, kisha akamwonyesha askari huyo mnyonge akimteka mfalme wa Ujerumani mwenyewe, na mwishowe anaamshwa usingizini, kwani ushindi wote ulikuwa ndoto. Askari waliojua handaki walimwelewa, kwa kuwa mashaka yaliyoonyeshwa yalikuwa mashaka yao, na fahari iliyodhihakiwa ilikuwa ya wale waliowapeleka huko.

Chaplin na Hitler walizaliwa katika Aprili 1889, wakipishana siku nne tu, na baadaye kila mmoja alijulikana ulimwenguni kwa masharubu yaliyofanana na ya mwenzake. Chaplin alipoazimia kufanya sinema ya kumdhihaki dikteta, serikali ya Uingereza, iliyokuwa bado ikitafuta suluhu na Ujerumani, ilikusudia kuipiga marufuku. Hakurudi nyuma, alitumia fedha zake mwenyewe, na akaanza kupiga picha katika Septemba 1939, siku chache baada ya majeshi ya Ujerumani kuvamia Polandi. The Great Dictator ilionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 15 Oktoba 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, na ilipofika London katika Desemba ya mwaka huo, mji ulikuwa ukishambuliwa kwa mabomu usiku baada ya usiku, na katazo lililokusudiwa zamani halikuwa na mtetezi tena.

Ndani ya sinema hiyo Chaplin ni watu wawili: Hynkel, dikteta wa nchi ya kubuni, na kinyozi wa Kiyahudi asiye na jina, aliyepoteza kumbukumbu katika vita vya kwanza. Dikteta anahutubia kwa ukali hata vipaza sauti vilivyo mbele yake vinajipinda kumkimbia. Kisha, akiwa peke yake katika chumba chake kikubwa, anatwaa tufe la dunia, ambalo ni puto jepesi, akalirusha na kulidaka, akalipiga kwa mkono, kwa kichwa na kwa makalio, akicheza kwa madaha ya mtu aliyelewa ndoto zake. Na anapolikumbatia kwa tamaa, linapasuka usoni mwake, naye anainamia meza akilia. Mara baada ya hapo mtazamaji anapelekwa katika duka la kinyozi, ambako kinyozi ananyoa ndevu za mteja kwa kufuata muziki wa Brahms unaotoka katika redio, wembe ukipanda na kushuka kwa mwendo wa ngoma. Mwenye kutazama kwa makini ataona kwamba maonyesho hayo mawili yamewekwa pamoja kwa hekima kubwa: yule aliyeshika dunia nzima ameivunja kwa kuitamani, na huyu aliyeshika wembe penye koo la mtu mwingine anamwachilia aende zake salama, amenyolewa vizuri. Hapo ndipo hukumu juu ya utawala wa mabavu ilipotolewa kwa ukamilifu, karibu bila ya maneno.

Baadaye dikteta wa nchi jirani anakuja kuzuru, na majabari hao wawili, wakiwa wamekaa katika viti vya kinyozi, wanaanza kuviinua, kila mmoja akitaka kuwa juu ya mwenzake, hata wakakaribia dari. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na Chaplin aliionyesha maana hiyo kwa viti viwili tu, mbele ya watu ambao magazeti yao yalikuwa yamejaa mikutano ya Hitler na Mussolini iliyosifiwa kuwa ni mambo makuu.

Hata hivyo dhihaka ina mipaka, na mtu aliyeitambua zaidi ya wote alikuwa Chaplin mwenyewe. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, alikiri kwamba laiti angalijua maovu halisi yaliyotendeka katika kambi za Wajerumani, asingaliweza kufanya sinema ile. Mwenzake Ernst Lubitsch, Myahudi mzaliwa wa Berlin, alipotoa To Be or Not to Be mwaka 1942, akisimulia habari za wachezaji wa tamthilia wa Warsaw wanaowahadaa maofisa wa Hitler kwa kuvaa mavazi yao na kuiga sauti zao, alilaumiwa vikali kuwa anafanya mchezo juu ya msiba wa Polandi. Alijitetea kwamba aliowacheka ni Manazi na mawazo yao. Naamini utetezi wake ulikuwa wa haki, kwa sababu wachezaji wale, hata katika ujinga na majivuno yao, wanaheshimiwa na sinema yenyewe. Wanaovuliwa heshima ni wenye buti.

Vita vilipokwisha hofu haikwisha, ila ilihama kutoka kwa mtu ikaingia katika mashine. Stanley Kubrick alianza kuandika sinema ya huzuni juu ya bomu la nyuklia, akiitegemea riwaya ya Peter George ya mwaka 1958, akaona kwamba kila alipolieleza jambo kwa ukweli wake, kichekesho kilijitokeza chenyewe. Akaacha huzuni, akatoa Dr. Strangelove katika Januari 1964. Ndani yake ofisa Mwingereza anayo ile alama ya siri iwezayo kurudisha ndege zilizokwenda kuiangamiza Urusi, lakini hana sarafu za kutosha kumpigia simu rais wa Marekani, na askari aliye pamoja naye anasita kuipiga risasi mashine ya Coca-Cola ili sarafu zipatikane, kwa kuwa ni mali ya kampuni. Ulimwengu uliojiwekea silaha za kuua viumbe vyote unaning'inia juu ya sarafu chache: huo ndio uchi wa fahari ya wakubwa, na Kubrick aliufunua bila huruma.

Ugaidi ulipokuja kuwa msiba wa zama zetu, swali likawa gumu zaidi. Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kuelezwa uchungu wake, maana tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka penye balozi za Marekani katika Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu zaidi ya 200, wengi wao wakiwa wapita njia na watumishi waliotoka nyumbani kutafuta riziki. Je, yafaa kucheka katika jambo kama hilo? Chris Morris alijibu mwaka 2010 kwa sinema Four Lions, iliyotoka miaka mitano baada ya magaidi kulipua mabomu London, naye aliifanyia uchunguzi wa miaka kadhaa kabla ya kupiga picha. Inaanza na vijana wanaojirekodi video ya vitisho, huku mmoja ameshika bunduki ya bandia iliyo ndogo mno, na wenzake wanagombana naye kwa udogo wake. Mwaka 2014 Abderrahmane Sissako wa Mauritania, katika Timbuktu, sinema ambayo kwa jumla ni ya majonzi, aliweka onyesho la namna hiyo hiyo: kijana anafundishwa na magaidi kusema mbele ya kamera kwamba ameacha muziki, na maneno hayamtoki kwa imani. Katika sinema hiyo hiyo muuza samaki anaamriwa avae glavu sokoni, na wavulana waliokatazwa mpira wanacheza bila mpira, wakikimbia, wakipiga mashuti na kushangilia bao, na wenye bunduki wapitapo juu ya pikipiki wanajifanya wanafanya mazoezi ya viungo.

Fundi wa kweli wa tashtiti hutambulikana kwa mambo mawili: amemjua kwa undani yule anayemdhihaki, na hakuligusa kaburi la aliyeuawa. Dhihaka haikuyazuia majeshi ya Hitler, wala haitalizuia bomu lililokwisha kutegwa, na asiyekiri hivyo hujidanganya. Lakini jabari huwa mdogo kabla hajawa mkubwa, na katika siku za udogo wake chakula chake ni taadhima ya watu. Taifa lililozoea kumtazama mwenye vitisho na kumwona kuwa mtu tu, limbwende wa mamlaka asiye na ajabu, litaweza kumkataa mapema, kabla hajaipata mizinga.