Nani azime pampu? Historia fupi ya waya, kutoka telegrafu mpaka Mailimoja

Wadau, kila mwenye kiwanja Kibaha au Kisarawe siku hizi ana stori mbili, ya umeme na ya maji. Dar imejaa, watu wanasogea Mailimoja, Visiga, Mlandizi, na upande wa pili Kisarawe mpaka Masaki (Masaki ya Kisarawe jamani, sio ile ya mabalozi). Nyumba inapanda kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta. Halafu linakuja swali ambalo zamani lilikuwa la viwandani tu: tanki likijaa saa kumi na mbili jioni, na mwenye nyumba bado yuko kwenye foleni Kimara, nani azime pampu?

Magazetini tunapenda kuiita "nyumba janja", kana kwamba ni jambo lililoshuka juzi na simu za mkononi. Hapana. Ina historia ndefu, na historia hiyo ni ya waya.

Mtambo wowote wa kuendesha nyumba unahitaji masikio na mikono. Masikio ni nyaya zinazoleta habari: boya limepanda, geti liko wazi, mtu kabonyeza swichi. Mikono ni nyaya zinazotoka kwenda kuwasha na kuzima. Ubongo uliopo katikati umeshuka bei haraka sana. Masikio na mikono ndiyo yaliyochelewa.

Tuanze na telegrafu. Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na Bagamoyo na Dar wakaunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Tatizo la telegrafu ni kwamba umeme ukisafiri mbali unafika umechoka. Kwenye njia za nchi kavu dawa yake ilikuwa rilei, kifaa ambacho Joseph Henry wa Marekani alikitengeneza mwaka 1835. Umeme mdogo unaipa koili nguvu ya sumaku, sumaku inavuta kipande cha chuma, chuma kinafunga njia ya umeme mwingine mkubwa zaidi. Ule mlio wa "tak" unaousikia kwenye vibodi vya kisasa ni rilei ile ile. Imebadilika umbo, tabia haijabadilika.

Viwanda viliipenda mno. Mitambo ya kutengeneza magari iliongozwa na makabati yaliyojaa rilei, na kila modeli mpya ilipokuja ilibidi mafundi wafungue nyaya na kuzipanga upya. General Motors walichoka. Mwaka 1968 walitangaza wanachotaka: kompyuta ngumu, inayovumilia vumbi na joto, ambayo unabadilisha maagizo yake bila kugusa waya. Dick Morley na wenzake wakaja na Modicon 084. Ubongo ukawa mmoja, lakini kila sikio na kila mkono bado ulihitaji kadi yake ya kuzuia umeme wa kiwandani usiiunguze kompyuta. Ilikuwa bei ya kiwanda, si ya mwalimu anayejenga Tumbi.

Majumbani Waskoti wa Pico Electronics walijaribu njia ya mkato mwaka 1975. X10 yao ilituma amri kupitia nyaya zile zile za umeme wa nyumba, huna haja ya kuchimba ukuta. Wazo zuri, ila amri zilipotea njiani na taa haikujibu kama imesikia. Ilikuwa na mikono, masikio hafifu.

Sasa sehemu ninayoipenda. Mwaka 1982 Philips walikuwa na tatizo ndani ya televisheni: chipu nyingi, nyaya nyingi. Wakabuni I2C, mtindo ambao chipu zote zinaongea kwenye nyaya mbili tu, kila moja ikiitwa kwa namba yake. Wakati huo Tanzania Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni, vilianza miaka ya 1990. Kwa hiyo teknolojia hii iliingia sebuleni kwetu imejificha nyuma ya kioo, watu wakiangalia taarifa ya habari, bila yeyote kuiomba.

Faida yake ilionekana baadaye. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Raspberry Pi ikatoka 2012 kwa dola 35, na ESP8266 ya Wachina ikafuata 2014 kwa bei ya chini zaidi. Ubongo ukawa wa bei ya chakula cha jioni, lakini miguu ya kuunganishia nyaya ni michache, na ya Raspberry Pi haivumilii zaidi ya volti 3.3. Hapo chipu ndogo kama MCP23017 inaokoa jahazi: ina njia 16, na unaweza kuweka nane kwenye nyaya mbili zile zile za Philips. Piga hesabu, ni njia 128. Nyumba ya vyumba vitatu haizimalizi.

Kuna watakaosema, waya wa nini wakati kuna wayalesi? Waulize walionunua Revolv kwa dola 299. Kampuni ilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na mwaka 2016 seva zikazimwa, kifaa kikabaki pambo la mezani. Boya lenye waya halijui kama kampuni imeuzwa, wala kama bando limeisha.

Turudi kwenye pampu. Unahitaji masikio mawili na mkono mmoja. Boya la kwanza tankini, la pili kisimani, kwa sababu pampu ikizunguka bila maji inaungua, na pampu ya kisima sio hela ya kuchezea. Mkono ni rilei, lakini msiunganishe pampu moja kwa moja kwenye vile vibodi vilivyoandikwa ampea 10! Mota ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida, vichwa vya rilei vinashikana, pampu haizimi tena. Rilei iwashe kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu. Volti 230 afunge fundi umeme mwenye leseni.

Kisima kikiwa mbali, I2C haifai, ilibuniwa kwa umbali wa ndani ya televisheni. Tumia RS-485, ya mwaka 1983, inayofika mpaka mita 1,200 ukiiendesha polepole. Bodi nyingi za rilei za bei nafuu zinazoitumia zinaongea Modbus, lugha ambayo wale wale Modicon waliitoa mwaka 1979. Cha kiwandani hatimaye kimefika uani.

Ila bei ya bodi si kinachowakwamisha wengi, ni plasta. Kabla fundi hajaipiga, laza bomba tupu la plastiki lenye kamba ndani: moja kutoka stoo mpaka chini ya tanki, moja kisimani, moja getini, mbali kidogo na bomba la umeme. Waya mmoja wa netiweki una nyaya nane ndani yake. Bodi yenyewe unaweza kuinunua hata baada ya miaka mitatu.