Akiba ya uzeeni wilayani Kyela

Akiba ya uzeeni wilayani Kyela ni fedha au mali ambayo wakazi wa Wilaya ya Kyela, katika Mkoa wa Mbeya nchini Tanzania, hujiwekea ili waitumie watakapokuwa hawana tena nguvu za kufanya kazi. Wilaya hiyo iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na inapakana na Malawi kwenye mto Songwe. Wakazi wengi ni wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wadogo. Kwa kuwa hawana mwajiri, hakuna anayewakatia mchango wa pensheni kila mwezi. Baadhi ya njia zilizo wazi kwao ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambayo huchaguliwa kwa kuangalia muda, gharama na aina ya mali iliyomo.

Mazingira ya kiuchumi

Kyela inajulikana kwa mchele, kakao (huitwa pia kokoa), mawese na ndizi. Kando ya ziwa, kama vile Matema, watu huvua samaki. Mpunga hutegemea mvua, na mafuriko ya masika huweza kuharibu mashamba ya tambarare.

Kakao huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kwa mfumo wa stakabadhi ghalani na minada. Bei yake hufuata masoko ya London na New York, ambayo nayo hutegemea mavuno ya Cote d'Ivoire na Ghana. Mwaka 2022 tani moja iliuzwa kwa takriban dola 2,400 za Marekani. Mwaka 2024 bei ilipita dola 10,000, na mwaka 2025 ikashuka tena chini ya dola 7,000. Mkulima anayeweka faida yake yote katika kupanua shamba la kakao huwa ameufunga uzee wake kwenye bei ya zao moja.

Njia za kawaida za kuweka akiba

Njia za zamani ni ardhi, ng'ombe, nyumba ya kupangisha na kuwasomesha watoto. Faida yake ni kwamba zinaonekana na zinaeleweka. Udhaifu wake ni kwamba ng'ombe hufa, shamba haliuziki siku moja, na mtoto anaweza kukosa kazi.

Vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) vimeenea, lakini vingi hugawana fedha kila mwisho wa mwaka. Vinafaa kwa ada za shule na pembejeo kuliko kwa akiba ya miaka 30.

Watumishi wa umma huchangia Mfuko wa PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018 baada ya mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Sekta binafsi iko chini ya NSSF, ambako mtu aliyejiajiri anaweza pia kujiandikisha kwa hiari. Ili kustahili pensheni ya kila mwezi, mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi na kununua hisa na hatifungani kwa niaba yao. Kila mwekezaji humiliki vipande, na thamani ya kipande hupanda au kushuka pamoja na mali za mfuko. Nchini Tanzania mifuko hii husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA).

Kampuni ya serikali ya UTT AMIS inaendesha mifuko kadhaa:

- Umoja (2005): huchanganya hisa na hatifungani.
- Wekeza Maisha (2007): huunganisha uwekezaji na bima ya maisha.
- Jikimu (2008): hulenga kutoa gawio kwa vipindi.
- Ukwasi (2013): kwa fedha zinazoweza kuhitajika mapema.
- Hatifungani (2019): huwekeza zaidi katika hatifungani.

Vipande vinaweza kulipiwa kwa simu, hivyo mtu aliyeko Ipinda au Matema halazimiki kusafiri hadi mjini Mbeya.

Mifuko ya fahirisi

Fahirisi ni kipimo cha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, lina fahirisi ya jumla (DSEI) na fahirisi ya kampuni za ndani pekee (TSI).

Mfuko wa fahirisi hununua hisa zote zilizomo katika fahirisi fulani kwa uwiano uleule. Meneja hachagui kampuni, kwa hiyo gharama huwa ndogo. Baadhi ya mifuko hii huuzwa sokoni kama hisa; wa kwanza ulianzishwa Toronto, Kanada, mwaka 1990 ukifuata kampuni 35 kubwa. Wakanada wengi huitumia kwa ajili ya kustaafu, wakiiweka katika akaunti zenye nafuu ya kodi. Soko la hisa la nchi yao limejaa benki, mafuta na madini, kwa hiyo wengi huongeza mifuko ya dunia nzima. Sababu ni ileile inayomhusu mkulima wa Kyela: akiba isitegemee kile kile kinachomlisha mtu leo.

Mfuko wa Umoja si mfuko wa fahirisi, kwa kuwa mameneja wake huchagua mali za kununua.

Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

Muda. Fedha itakayohitajika baada ya miaka 20 au zaidi inaweza kuvumilia kupanda na kushuka kwa hisa. Ya miaka mitatu inafaa kukaa katika mfuko wa ukwasi. Kadiri uzee unavyokaribia, sehemu ya hatifungani huongezwa.

Gharama. Shilingi 1,000,000 iliyokua kwa asilimia 10 kwa mwaka kabla ya gharama, kwa miaka 30, hufikia takriban shilingi 15,220,000 ikiwa gharama ni asilimia 0.5 kwa mwaka. Gharama ikiwa asilimia 2, hufikia takriban shilingi 10,060,000 tu.

Mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kitu cha shilingi 1,000,000 leo kitauzwa takriban shilingi 4,320,000 baada ya miaka 30. Fedha iliyofichwa nyumbani hupungua thamani hata isipoibwa.

Msimu. Asiye na mshahara anaweza kununua vipande kila baada ya mauzo ya kakao au mpunga, badala ya kila mwezi.

Hatari

Thamani ya kipande inaweza kushuka, na faida ya miaka iliyopita si ahadi ya ijayo. Mtu akilazimika kuuza vipande wakati wa ugonjwa au mafuriko anaweza kupata hasara. Ndiyo maana akiba ya dharura hutangulia. Anayeahidi faida kubwa ya hakika kwa muda mfupi huwa ni wa kutiliwa shaka, na inafaa kuhakikisha kwanza kama ana leseni ya CMSA.