Taa ya injini ilizaliwa kwenye moshi wa Los Angeles

Gari linavuta vizuri, halina mlio wa ajabu, halichemki. Halafu taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi na haizimi. Kama gari lako lilitengenezwa kwa soko la Marekani, unaweza kulipeleka kwa fundi, akalipima kwa mashine, kisha akakwambia kwamba kifuniko cha tangi la mafuta hakijakaza. Utajiuliza: kifuniko cha tangi na injini, wapi na wapi?

Jibu linaanzia California, Julai 1943. Jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mchafu, watu wakawa wanatokwa machozi barabarani na kukohoa. Vita vilikuwa vimepamba moto, kwa hiyo wako waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Lawama zikaangukia kiwanda cha mjini kilichokuwa kinatengeneza butadieni, malighafi ya mpira bandia. Kikafungwa kwa muda. Moshi ukaendelea kuja kama kawaida.

Aliyekifumbua kitendawili hicho alikuwa Arie Haagen-Smit, Mholanzi, mwanabiokemia wa chuo cha Caltech. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kemikali zinazolipa nanasi ladha na harufu yake. (Ndiyo, nanasi hilihili.) Alikuwa na ujuzi wa kunasa mvuke mwepesi kwa baridi na kuuchambua, akautumia ujuzi huo kwenye hewa ya jiji. Kufikia mwaka 1952 alikuwa ameshaeleza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sumu ile haikuwa inatoka kwenye bomba lolote ikiwa imekamilika. Ilikuwa inapikwa angani. Chukua mvuke wa petroli ambayo haijaungua, changanya na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini, weka juani, unapata ozoni. Ozoni ndiyo iliyopasua mpira wa matairi.

Angalia neno moja hapo: mvuke. Petroli inayovukia taratibu kwenye tangi lililo wazi ni kiungo cha mapishi yaleyale, hata kama gari limezimwa na mwenyewe amelala. Ndiyo maana kifuniko kilicholegea kinawasha taa.

Kampuni za magari hazikulipokea jambo hili kwa furaha. Mwaka 1969 serikali ya Marekani ilizishtaki kwa kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi, na kesi ikaisha kwa makubaliano. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi iliyodai baadhi ya uchafu upunguzwe kwa asilimia 90 katika miaka michache tu. Hapo ndipo magari mapya ya huko, kuanzia toleo la 1975, yalipoanza kufungwa kichujio cha kikemikali kwenye ekzosi, kile chenye vitundu vingi ambacho mtaani kwetu tunakiita masega.

Masega yana deko. Yanataka injini ichanganye hewa na petroli kwa kipimo karibu kamili, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho kila sekunde. Ikabidi iwekwe sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na kompyuta ya kuisikiliza sensa hiyo na kurekebisha mafuta. Kwa maneno mengine, kompyuta iliingia kwenye gari la kawaida kwa sababu ya moshi, starehe na kasi zilifuata baadaye.

Kompyuta ikishakuwepo, inaweza pia kusema ikiona mambo hayaendi. Magari ya General Motors ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalisema kwa kukonyeza: fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, kisha akahesabu taa inawaka mara ngapi. Mmoja, kituo, mbili: namba 12. California ikafanya mfumo wa namna hiyo kuwa lazima kuanzia magari ya 1988, lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Toleo la pili, lililoenea nchi nzima ya Marekani mwaka 1996, ndilo lililoleta soketi moja yenye matundu 16 karibu na usukani na namba za makosa zinazofanana kwa wote. Kifupi chake, OBD-II, utakikuta kwenye kila mashine ya kupimia.

Sasa turudi kwenye taa yako. Kanuni ile inadai taa iwake pale hitilafu inapoweza kufanya uchafu wa ekzosi uzidi kiwango cha gari hilo, kwa kawaida mara moja na nusu. Hitilafu nyingi lazima zionekane katika safari mbili mfululizo kwanza, kwa hiyo taa iliyowaka leo huenda inazungumzia jambo lililoanza juzi. Ikikonyeza badala ya kuwaka tu, hali ni nyingine kabisa: kuna silinda haichomi mafuta, petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuyaunguza. Hapo punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu.

Na namba? Chukua P0171. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Basi. Haisemi kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka nyuma ya kipimo cha hewa, huenda kipimo chenyewe kimechafuka, huenda pampu ya mafuta imechoka. Ila aliyeleta habari ni sensa ya oksijeni, na mara nyingi ndiyo inayong'olewa na kubadilishwa, wakati mjumbe hauawi. Unalipa, taa inazimwa, baada ya siku tatu imerudi. P0420 nayo inasema masega hayasafishi vya kutosha, lakini ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kuleta namba hiyohiyo.

Huku kwetu kuna mikunjo yake. Masega hayavumilii risasi, na petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa Afrika kusini mwa Sahara hadi karibu mwisho wa 2005. Kabla ya hapo, gari lililoletwa likiwa na masega mazima liliyaua kwenye vituo vyetu vya mafuta. Siku hizi petroli inayafaa, lakini masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo yana wanunuzi, na magari mengi yanatembea bila hayo. Halafu magari mengi yaliyotumika Japani, hasa ya zamani, yana soketi ya umbo lilelile la matundu 16 lakini yanaongea lugha ya kiwanda. Kile kisomaji cha bei rahisi cha kuunganisha na simu kikikwambia hakuna mawasiliano, si lazima kiwe kibovu.

Kwa maoni yangu kosa kubwa kuliko yote ni kufuta namba kwanza na kuuliza baadaye. Hitilafu inapojiandika, kompyuta inahifadhi pia hali ya wakati ule: injini ilikuwa inazunguka mara ngapi kwa dakika, maji yalikuwa na joto gani, gari lilikuwa kwenye mwendo gani. P0171 iliyojiandika gari likiwa limesimama na injini inaunguruma inamfanya fundi atafute mpira uliopasuka. Iliyojiandika ukiwa unapanda mlima na mzigo inamsogeza kwenye pampu. Ukifuta, vyote vinaondoka pamoja na taa. Mwombe fundi akufungulie ukurasa huo kwenye mashine, upige picha kwa simu yako, ndipo abonyeze kitufe cha kufuta.