Kufunga kamera kwenye bunduki ya samaki: sheria, ufundi na hatari zake

Video za wazamiaji wakifyatua mishale chini ya bahari zinasambaa kila siku kwenye simu. Nyingi zinapigwa na kamera ndogo iliyofungwa juu ya bunduki ya samaki yenyewe. Hata Mzinga, Morogoro, karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye bando anaziona na kujiuliza kama mchezo huo unawezekana Mto Mzinga au Bwawa la Mindu. Haya ni mambo ya kujua kabla ya kutoa hela.

Kwanza, sheria

Tanzania hairuhusu kuvua kwa bunduki ya samaki. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, zinaiweka kati ya zana haramu. Kenya nayo iliipiga marufuku kwa tangazo la mwaka 2001, pamoja na kokoro za ufukweni.

Sababu ni kwamba mzamiaji huchagua samaki wakubwa wa miambani, kama chewa, ambao huchelewa kukua. Aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwamaliza wakubwa, kizazi kinayumba. Mishale nayo huvunja matumbawe.

Kwa hiyo anayepost video ya aina hiyo akiwa Tanzania anajichoma mwenyewe: ushahidi ameurekodi na kuusambaza kwa mkono wake. Ufundi unaofuata unatumika kihalali kwenye nchi zinazoruhusu uvuvi huo, au kwa kufunga kamera kwenye fimbo ya kawaida.

Kamera inakaa wapi?

Sehemu ni mbili. Ya kwanza ni karibu na mshikio. Hapo uzito haumsumbui mzamiaji na mtutu wote unaonekana kwenye picha. Ya pili ni karibu na mdomo wa mtutu. Picha inakuwa safi zaidi, ila bunduki inalemea mbele na kugeuka taratibu, kwa sababu maji yanaisukuma kamera. Wengi huanzia kwenye mshikio.

Popote inapowekwa, kamera isiguse mipira inayosukuma mshale wala kamba yake. Mpira ukijinasa kwenye kibano, mshale unaweza kwenda pembeni. Kibano kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, chenye kipande cha mpira ndani ili kisiteleze. Kamba fupi ya akiba ni lazima. Kibano kikiachia bila kamba, kamera imekwenda.

Kina cha maji

Kila mita 10 kwenda chini huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ndiyo maana kina kilichoandikwa kwenye boksi si cha kupuuza. GoPro HERO5 Black ya mwaka 2016, kwa mfano, ilitengenezwa kuhimili mita 10 bila kasha. Anayekwenda chini zaidi anahitaji kasha la kuzuia maji.

Simu zenye alama ya IP68 ni habari nyingine. Kipimo hicho hufanywa kwenye maji baridi yaliyotulia, siyo baharini. Chumvi inakula sehemu ya kuchajia.

Jaribio la ndoo

Kasha lijaribiwe kwanza bila kamera. Weka karatasi laini kavu ndani, lifunge, lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa. Karatasi ikilowa hata kidogo, kuna tatizo. Mara nyingi mkosaji ni oringi, ile ringi ya mpira kwenye mfuniko: chembe moja ya mchanga au unywele mmoja unatosha kupitisha maji.

Ukungu ndani ya kioo unatokana na unyevu wa hewa iliyofungiwa. Kasha lifungwe sehemu kavu, na ndani kiwekwe kipakiti cha kufyonza unyevu kama vile vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Baada ya bahari, kasha liloweshwe kwenye maji yasiyo na chumvi kabla ya kufunguliwa.

Mzinga na Mindu vipi?

Mto Mzinga unatoka milima ya Uluguru na kumwaga maji Mindu, bwawa linalotegemewa kwa maji ya Manispaa ya Morogoro. Mvua zikinyesha, udongo wa mashamba ya milimani unashuka nao. Kwenye maji ya tope hata kamera ya bei mbaya haioni kitu, na taa inaongeza tatizo: mwanga unagonga chembe za udongo na kurudi kwenye lenzi.

Kuna pia kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi ya anayeogelea kwenye maji baridi yenye konokono wanaokibeba. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa dhidi ya shughuli zinazoharibu chanzo.

Hatari kubwa ni pumzi

Mzamiaji anayebana pumzi anaweza kupoteza fahamu bila dalili yoyote, hasa akihema haraka haraka kabla ya kuzama. Kamera inaongeza kishawishi cha kubaki chini sekunde chache zaidi "ili picha itoke". Kanuni ni moja: mmoja chini, mmoja juu akimwangalia. Kamera haiwezi kumvuta mtu juu.

Njia halali

Wanasayansi hufunga kamera kwenye fremu, huweka chambo mbele yake, huishusha kwa kamba yenye boya na kuiacha irekodi. Utafiti wa Global FinPrint, uliochapishwa mwaka 2020, ulitumia njia hiyo kwenye miamba 371 ya nchi na maeneo 58. Karibu asilimia 20 ya miamba hiyo haikuonekana papa hata mmoja, na Kenya ilitajwa kati ya sehemu ambako papa karibu hawakuonekana kabisa.

Fremu ya aina hiyo inaweza kutengenezwa kwa bomba za plastiki na jiwe la kuizamisha. Hakuna mshale wala mtu wa kubana pumzi, na samaki anabaki majini. Ndani ya hifadhi za bahari, kama Mafia, kibali kiombwe kwanza.